Risala ya Vikundi vya Afya ya Jamii vya Mombasa kwa Mgeni Rasmi kutoka Wizara ya Afya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wawakilishi wa kaunti, viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Sisi wanachama wa vikundi vya afya ya jamii kutoka Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu tunakukaribisha Mombasa, na kwa idhini yako tunaomba kueleza maoni yetu kuhusu mageuzi ya ufadhili wa afya wa kimataifa.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Huku kwetu dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hazikutoweka siku ya pili yake; waliotoweka kwanza ni watu. Kina mama washauri na vijana wafuatiliaji, ambao marupurupu yao yalitoka kwa miradi, waliambiwa wakae nyumbani. Katika zahanati moja kadi za miadi zilibaki ndani ya sanduku la viatu, majina ya waliokosa kufika yakiwa yamepigiwa mstari mwekundu, na hapakuwa na wa kuwapigia simu wala wa kuwafuata katika mitaa yetu ya Mtongwe au Bangladesh.

Hatuulilii mfumo wa zamani, Mheshimiwa. Kila mradi ulikuja na rejista yake, ripoti yake na muda wake wa kuondoka, na muuguzi yule yule alizijaza zote huku foleni imefika uani. Azimio la Paris la 2005 kuhusu misaada liliahidi kwamba wafadhili wangefuata mipango ya nchi zenyewe. Ajenda ya Lusaka ya Desemba 2023 ikalazimika kuahidi karibu yayo hayo, ikitilia mkazo afya ya msingi na fedha za ndani.

Hata hivyo, kuna jambo moja la mfumo huo ambalo hatungependa lipotee. Katika bodi ya Mfuko wa Dunia wa Kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria, vitatu kati ya viti 20 vya kupiga kura ni vya asasi za kiraia na jamii zinazoishi na maradhi hayo, na kila nchi inayoomba ruzuku kupitia kamati yake ya uratibu hutakiwa kuwa na watu hao katika kamati hiyo. Sasa fedha zinaelekea kutoka serikali hadi serikali, kama ilivyo katika makubaliano ya Desemba 2025 baina ya Kenya na Marekani, ambapo Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano. Kwamba fedha zipitie taasisi zetu, hilo tunaliunga mkono, na tumelidai kwa muda mrefu. Lakini makubaliano hayo sisi tuliyasoma magazetini, na haukupita muda kabla suala la kuipa Marekani data za wagonjwa kufikishwa Mahakama Kuu. Tungeulizwa mapema, tungelisema.

Fedha zenyewe zinapungua: mjini Johannesburg, Novemba 2025, Mfuko wa Dunia uliahidiwa dola bilioni 11.34 ilhali ulilenga bilioni 18. Hata hivyo hatuwezi kuwalaumu wa ng'ambo peke yao, kwa kuwa asilimia 15 ya bajeti iliyoahidiwa afya na viongozi wa Afrika mjini Abuja mwaka 2001 Kenya bado haijaifikia, na sehemu kubwa ya kodi yetu inaishia kulipa madeni. Katika vikao vya kimataifa, tunakuomba uutetee msamaha wa madeni kama suala la afya.

Hapa nyumbani tunaomba kamati zitakazosimamia fedha hizi ziwe na viti vya wagonjwa na wahudumu wa jamii kwa mujibu wa sheria, wala si kwa hisani ya mwenyekiti. Kiasi kinachofika kila zahanati kibandikwe ukutani kila robo mwaka. Na kazi ya kina mama washauri iingizwe katika bajeti ya kaunti kuanzia mwaka ujao wa fedha. Orodha ya walioachishwa kazi tumeiambatisha na risala hii.

Tunaomba kuwasilisha.