Dawa za kichocho na siku za mbalamwezi

Ukerewe, Mwanza

Shoga yangu,

Habari za Dodoma? Huku sisi wazima, mama anakusalimu na anauliza lini utakuja kula sato.

Umeniuliza mbona kila mwaka tunalia na kichocho wakati dawa inatolewa bure. Ni kweli inatolewa. Prazikwanteli, yaani vidonge vyenyewe vya kichocho, zikifika tunakwenda nazo shuleni, tunampima mtoto urefu kwenye ule ubao wenye alama, na alama ndiyo inayosema ameze vidonge vingapi. Mizani haihitajiki. Lazima wale kwanza, maana ukimeza na njaa tumbo linasokota, na mtoto mmoja akitapika mbele ya wenzake foleni nzima inatoweka. Uji huo mara nyingi unatoka mifukoni mwa walimu na wazazi, lakini kazi inakwenda.

Sasa njoo mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki. Mama anayepokea dagaa anasimama majini hadi mapajani, naye hayumo kwenye rejista ya darasa lolote. Mvuvi hayumo. Mtoto aliyeacha shule akaenda dago, kambi ya wavuvi, na kaka yake, huyo ndiye kabisa. Dawa nyingi ni za msaada, kampuni ya Merck ya Ujerumani imekuwa ikizitoa kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007, na walengwa wakuu ni watoto wa umri wa shule. Shirika hilohilo mwaka 2022 likatoa mwongozo kwamba penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi wapewe wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Mwongozo mzuri sana. Mwaloni kwetu bado tunausubiri.

Na dawa yenyewe haikingi, inaua minyoo waliomo mwilini, basi. Mtoto akirudi kuoga ziwani mchana, vijidudu vinavyotoka kwenye konokono vinampenya ngozi upya. Tunawaambia wateke maji, wayaache siku mbili ndipo waogee, vile vijidudu vitakuwa vimekufa. Mwenye ndoo mbili na watoto sita anakuangalia tu, kwa adabu. Choo nacho ukichimba juu unakutana na mwamba, ukisogea ufukweni shimo linajaa maji, kwa hiyo dagoni watu wanajisaidia vichakani na mvua inamalizia kazi kwa kusomba kinyesi hadi ziwani.

Watu wazima tunawaona mambo yameshaharibika. Anakuja mtu tumbo limejaa maji, bandama imevimba, ameshazungushwa kwa waganga kwa sababu tumbo la namna hiyo linasemwa ni la kurogwa. Siku akitapika damu tunaandika rufaa ya Nansio, pengine hadi hospitali ya Bugando kule Mwanza mjini, na hapo katikati kuna ziwa. Usiku meli hakuna.

Ninachotaka kukwambia hasa ni hiki. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye mwanga, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, na wavuvi wanashinda wakishona nyavu na kubishana mpira. Kina mama nao wanapumua. Ugawaji umepangwa kwa mihula ya shule, na ukiniuliza mimi, wa mwaloni ufuate mwezi wa angani. Tena siku za mwanzo za mbalamwezi, mfukoni bado kuna hela ya ugali, kabla hawajatawanyika kwenda makwao. Majina yapo: BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wana daftari la wavuvi na mitumbwi yao. Wahudumu wa afya wa jamii wanawajua hata wale wasioandikwa.

Wewe unakaa karibu na wakubwa, niulizie jambo moja. Vidonge vinavyobaki baada ya zoezi la shule, tunaruhusiwa kuvigawa mwaloni, au ni lazima virudi halmashauri? Nataka kauli ya maandishi, ya mdomo nimeshaisikia ya kila aina. Na kama kuna fungu la uji wa shuleni, uliza kama linaweza kununua unga wa watu wazima, kwa sababu mvuvi mwenye njaa hamezi, na mimi sitamlazimisha.

Nijibu kabla mwezi haujajaa, nimeshamwahidi mwenyekiti wa BMU kwamba nitampa jibu. Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi shoga yako