Asante prof uliyejibu imeili ya mtu usiyemjua

Jamani naomba nimshukuru mtu hapa, jina silitaji maana sifa hazipendi. Nilikuwa nimekwama na utafiti wangu wa vihisi vya darajani (vile vifaa vya kupima mitetemo ya daraja), programu inayosoma data yake kila mchana inapiga kengele eti daraja lina ufa, wakaguzi wakienda hawaoni kitu. Watu wa kompyuta wananituma kwa wahandisi wa ujenzi, wa ujenzi wananirudisha kwa wa kompyuta, nimekuwa mpira. Nikamwandikia huyu profesa, wala hanijui. Akaomba data ghafi, akachora grafu ya mitetemo na joto la siku pamoja, ndo akanionyesha: jua likiwaka lami na zege vinalegea kidogo, daraja linatetemeka polepole zaidi, na ufa nao unaweza kuleta dalili hiyohiyo. Akaniambia niliingize joto kwenye modeli, yaani hesabu ambazo programu inatumia kuamua kama kuna ufa, kisha akapitia msimbo (code) wa programu yangu mstari kwa mstari, tena usiku. Yeye alianzia kwenye zege, programu kajifunza ukubwani, nadhani ndo maana hakunirusha kwa mwingine. Prof, kengele za uongo zimepungua kweli, asante sana. Na nyie wenye uzoefu, imeili za wanafunzi msiowajua muwe mnajibu basi, hata mistari miwili.