Jiwe mkononi mwa Yeronimo

Mwanangu kipenzi,

Sisi huku hatujambo, mguu wa baba yako nao umepoa. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema hutakanyaga nyumbani mpaka pesa ya ada uliyoitumia vibaya itimie yote. Tangu hapo namwaza Mtakatifu Yeronimo, yule padre wa kale aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini.

Ile hija ya parokia tuliyokwenda Roma, wenzangu walikimbilia Kanisa la Sistina. Mimi nilinasa kwenye jumba la picha la Vatican, mbele ya picha yake iliyochorwa kwenye ubao wa mti wa jozi, wenye urefu wa mita moja na kidogo. Mchoraji Leonardo da Vinci aliuanza miaka ya 1480 hivi, asiumalize. Simba aliyelala mbele ni mchoro mtupu, rangi hakuwahi kupakwa. Yeronimo amepiga goti, mashavu yamebonyea, mtulinga umemtoka, mishipa ya shingo imekaza kama kamba ya kisima. Mkono wa kulia ameunyoosha mbali, na jiwe limo kiganjani, tayari kujipiga kifuani. Niliutazama mkono ule mpaka kiongozi wetu akaja kuniita.

Yeronimo mwenyewe aliandika, katika barua ya mwaka 384 hivi, kwamba kule jangwa la Siria alikuwa akilia na kujipiga kifua usiku na mchana, mpaka Bwana alipomrudishia utulivu. Hapo aliacha, mwanangu. Tena jangwani hakukaa. Biblia ya Kilatini, kazi tunayomkumbukia kila tarehe 30 Septemba, aliianzia Roma na kuiendeleza Bethlehemu, akiwa na wenzake waliomsaidia, akina Paula na binti yake Eustokia. Na hasira zake alikwenda nazo hukohuko, maana alikuwa mkali wa maneno hadi uzeeni. Alifariki mwaka 420.

Ukiusogelea ubao ule unaona mstari kukizunguka kichwa. Zamani kuna mtu alikikata kwa msumeno, kikatenganishwa na mwili. Baadaye kikarudishwa mahali pake, na alama ipo mpaka leo. Mbele ya alama ile ndipo nilipotoa rozari.

Pesa tutaipanga pamoja, kidogo kidogo. Wewe panda basi la Ijumaa la saa kumi na mbili asubuhi. Baba yako atakungoja njia panda. Amekwisha kuulizia saa linapofika.

Mama yako