Kwa shoga yangu, kuhusu lile swali lako

Kongowea, Mombasa

Shoga yangu,

Bwana asifiwe. Huku wote wazima. Mama Kadzo anakusalimu, na Shangazi anauliza kama umenenepa. Salamu zimekwisha, nina jambo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya matatu ya Bamburi, nikapitiliza kituo. Kufeli mtihani wa Kijerumani wa B2 mara ya pili kunauma, sitakudanganya. Lakini kilichonichoma ni pale mwisho, uliposhusha sauti ukauliza: "Hivi kweli ni Mungu aliyenileta huku, au nilijileta?" Ungeniuliza mwaka wangu wa kwanza huko Ujerumani, ningekujibu tulijileta, tena kwa mkopo wa sacco.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijakwambia. Unamkumbuka yule bibi wa chumba cha mwisho pale kwenye makao ya wazee kazini kwetu, mwenye saa ya ukutani isiyokwenda? Usiku aliokata roho wewe ulikuwa likizo, zamu ilikuwa yangu. Alinishika mkono akasema neno moja tu: "Beten." Niombe. Mimi, ambaye huku nikishika maikrofoni kwenye ushirika wa akina mama mpaka nivutwe kanga ndipo ninyamaze, ulimi ukakauka! Nikaanza ile Vater unser, Baba Yetu ya kwao, niliyoikariri kwenye basi. Nikafika "und vergib uns unsere Schuld", nikakwama hapo. Neno nilikuwa nalo, ila nilikuwa nimekutana nalo asubuhi ile kwenye barua ya benki, likiwa la pesa. Kumbe kwao hatia na deni ni jina moja! Na papo hapo ikanijia ya utotoni, "utusamehe deni zetu", ikatoka kwa Kiswahili, nami sikuirudisha. Nikaendelea hivyo hivyo, yeye akiendelea kwa Kijerumani chake cha puani, tukafika Amina pamoja. Mwalimu wetu wa lugha angeninyima alama zote.

Ukiniuliza nilimwona Mungu wapi Ujerumani, nitakwambia chumba kile. Wala si kwa vile niliomba vizuri.

Tangu siku hiyo nikiomba kwa Kijerumani naomba kama mtoto. Nisaidie. Nimechoka. Asante. Sina maneno ya kumpamba Mungu, na ya kumdanganya ndiyo sina kabisa. Kwa Kiswahili mimi ni fundi, nitazunguka robo saa kabla sijasema ninachotaka. (Halafu nikumbushe nilivyokuwa nikiwajibu "Amina!" kila mtu akinisalimia "Grüß Gott", nami nimesikia Gott, Mungu, nikadhani ni sala. Miezi miwili! Hakuna aliyenisahihisha, hata wewe.)

Juzi nilikwenda Nyali kwenye lile kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani, tulikopelekwa tukiwa shule tukashughulika na viazi karai. Wakati ule Krapf kwangu alikuwa swali la mtihani tu. Sasa najua amezaliwa Derendingen, hapo hapo unaponunua mkate! Alifika Mombasa mwaka 1844 na Rosina wake, na haikutimia miezi mitatu homa ikamchukua mke pamoja na kichanga. Kiswahili chenyewe alikuwa bado anakitafuna. Nilisimama pale nikajaribu kufikiria aliomba kwa lugha gani usiku ule. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwenyewe amekufa 1881. Wewe umefeli mara mbili tu na uko hai, shoga.

Nilipomsimulia Shangazi habari za Krapf akanikata. "Huyo alikuja kwa hiari yake. Wetu je?" Unajua sisi ni watu wa Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru. Babu yake babu alikuwa Myao, alitolewa kwenye jahazi la watumwa akashushwa hapa, kengele ikigongwa Kengeleni, watu wakifundishwa sala kwa lugha ambayo si ya mama yao. Kiswahili hiki ninachoringia kwao kilikuwa ugenini. Nikamuuliza basi huo nao ulikuwa uongozi wa Mungu? Alichambua mchicha kimya muda mrefu, nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Mungu hakuwapandisha jahazini. Aliwakuta humo."

Sijui kama hilo linakujibu. Mimi limenikaa.

Kwa hiyo wale wanaokwambia kufeli ni mlango umefungwa na Mungu, waache. Ulifeli kusikiliza, kwa sababu wazee wetu wanatusemesha Kischwaben, lahaja yao ya huko, tangu asubuhi, na kwenye mtihani kanda inaongea kama redio. Hilo ni jambo la masikio, roho isisingiziwe. Uliza kama sehemu ulizopasi zinahesabiwa, urudie hiyo moja. Na kama umechoka kweli unataka kurudi nyumbani, rudi, sitakuona mdogo. Ila usirudi kwa kudhani ulikwenda peke yako.

Nilitaka kukueleza pia ya yule jamaa wa Likoni na ile ploti… wacha, hiyo inataka uso kwa uso.

Umeshalipia mtihani mwingine? Unakula? Yule mwenzako bado anakaanga samaki saa sita usiku? Wewe ukiwa peke yako unaomba kwa lugha gani siku hizi? Na utakuja kunipokea Stuttgart? Nimefunga mabuyu yako na ukwaju, achari Shangazi ameifunga mara nne, na watu wa forodha lazima wataniuliza. Ukwaju kwa Kijerumani ni nini? Nijibu kabla ya Jumamosi.

Ni mimi,
shoga yako wa zamu ya usiku