Maria Magdalena alisingiziwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii ishu ya Maria Magdalena, maana kila Pasaka ikikaribia lazima umsikie mhubiri anasema eti alikuwa kahaba, jamani, hiyo imeandikwa wapi? Luka 8 inasema alitolewa pepo saba, basi, halafu hapohapo inamtaja pamoja na Yoana mke wa Kuza, na Susana na wengine waliokuwa wanamhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao, yaani hela za hao akina mama ndo zilikuwa zinasaidia ile kazi iende. Yule mwenye dhambi aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi yuko Luka 7 na hajatajwa jina kabisa. Aliyewachanganya ni Papa Gregori Mkuu kwenye mahubiri ya mwaka 591, akamuunganisha na Maria wa Bethania pia, dada yao Martha na Lazaro, watu watatu wakawa mmoja, ila Wakristo wa Mashariki hawakumfuata. Kanisa Katoliki lenyewe lilishaanza kurekebisha kwenye kalenda yake ya watakatifu ya 1969, na 2016 Papa Fransisko akaipandisha siku yake, Julai 22, iwe sikukuu kama za mitume.

Kinachoniuma ni kwamba wanafunzi walikimbia ila Maria Magdalena akabaki karibu na msalaba, na kwenye Yohana 20 ndiye anayetumwa na Yesu kwa wanafunzi, akaenda akawaambia kwamba amemwona Bwana, sasa mtu kama huyo bado tunamuita malaya mbele ya watoto? Walimu wa sande skuli naomba muwasomee Luka 8 kama ilivyo.

Msomaji wenu,
Morogoro