Picha za katamarani, na ngalawa iliyoniokoa

Kendwa, Unguja
Jumapili usiku

Shoga yangu,

Salamu kutoka kwa mtu aliyebabuka pua. Uliniuliza ile kazi ya kupiga picha katamarani, ile mashua ya matumbo mawili, imekwendaje, nikakujibu "nzuri" ili tu unyamaze. Sasa nimetulia, nikwambie ukweli.

Siku ya kwanza niliiharibu. Nilipanda na wageni asubuhi, hadi adhuhuri nina picha mia nne na ushei. Jioni kuzifungua: miguu ya watu kwenye wavu wa omo, miwani ya jua, mananasi, mlingoti umekatwa kichwa. Chombo chenyewe hakimo! Umo ndani yake, utakionaje? Na tanga halikupandishwa hata moja. Tulikwenda kwa mashine kutwa, wageni wanawahi samaki wa kuchoma.

Droni nayo nusura niizike. (Kibali ninacho, usiniulize nimekihangaikia vipi.) Chaji iliposhuka ikageuka yenyewe kurudi ilikorukia, na ilikorukia ni maji matupu, maana chombo kilishasogea zamani. Nikaiwahi, nikaidaka kwa mkono. Kidole kina plasta mpaka leo.

Nikamwambia mwenye chombo: nipe masaa mawili kesho jioni, bila wageni, matanga juu, mashine imezimwa. Akanuna, kisha akakubali, ila mafuta nilipe mimi. Mafuta gani, na mashine imezimwa?

Nikakodi ngalawa ya mzee mmoja wa Nungwi, yenye mirengu, yale mbao ya ubavuni ya kuizuia isipinduke. Alipoiona ile katamarani akacheka: "Hii si ngalawa iliyomeza mirengu yake ikanenepa?" Lakini bwana, yule mzee anajua mwanga kuliko mimi. Mimi nilitaka jua liwe mgongoni kwangu, kama tulivyofundishwa. Yeye akabisha, akaniweka upande wa pwani, chombo kiko kati yetu na jua. Nikaanza kulalamika, mara tanga likawaka. Kitambaa chote rangi ya asali, mishono inahesabika, na kijana aliyekuwa ng'ambo akivuta kamba akaonekana kivuli kitupu ndani ya tanga, hadi kofia yake. Nilipiga kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde, maana pepo za kusi zilikuwa zinaturusha, nikapata tatu zilizotulia. Tatu tu, na zinanitosha.

Ila ukitaka rangi ya maji usingoje jioni. Yale maji ya kijani kibichi yanataka jua la utosini, lipenye mpaka kwenye mchanga wa chini, na filta ya kukata mng'ao. Jioni bahari inageuka wino. Na chumvi ikirukia lenzi usiifute kavukavu, utakwaruza kioo. Tangulia na kitambaa chenye maji baridi, yasiyo ya bahari, ndipo ukaushe. Mimi nimejifunza kwa lenzi yangu kuukuu, alhamdulillahi haikuwa ile niliyoazima kwako.

Jana nimempelekea mwenye chombo kazi yake. Akapitisha macho kwenye zile tatu, akasema ni nzuri ila nyuso za watu hazionekani. Akachagua ya mananasi. Hela kanilipa, basi.

Ile ya kivuli nimekuchapishia, imo humu kwenye bahasha. Usiikunje.

Wako,
wa kidole kimoja