Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Taarifa ya mweka hazina mnayo mkononi na ya katibu mmeshasomewa, kwa hiyo sitayarudia. Mfuko wa rambirambi uko hai, na kila familia iliyofikwa na msiba ilihudumiwa. Darasa la Kiswahili la Jumamosi linaendelea, ingawa walimu ni walewale wachache na wamechoka. Kuhusu ada, wanaolipa mapema ni walewale na wanaosumbuliwa kwa simu ni walewale, wanajijua.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililokula fedha na jioni zetu nyingi kuliko jingine lolote, nalo ni igizo la nyimbo la vijana wetu juu ya urafiki mjini Birmingham, Alabama, mwaka 1963.

Baadhi ya wazee waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: watoto wa Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa wana nini na historia ya watu wengine? Kamati ilijibu kwamba watoto hawa wanakulia hapa Clarkston, Georgia, na Birmingham ni mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari. Madarasa wanayokaa wakiwa wamechanganyika na kila rangi hayakujifungua yenyewe. Yalifunguliwa na watu, wengine wakiwa wadogo kuliko wao.

Igizo linaanza nyuma ya duka. Wavulana wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mtu mzima akipita, vizibo vyote vinakombwa mfukoni na kila mmoja anatazama upande wake. Sheria ya jiji la Birmingham ilikataza kwa maandishi watu weusi na weupe kucheza pamoja karata, dadu, dhumna au drafti. Drafti yenyewe hatukuwa na haja ya kuwafundisha waigizaji, maana wamecheza na babu zao. Kazi ilikuwa kuwafanya waogope kuicheza.

Mswada wa kwanza, tuliouandika sisi wakubwa, ulimalizika kwa wavulana hao kukumbatiana na kila mtu kuimba. Vijana waliukataa. Walikuwa wameanza kusoma, na wakatuambia kwamba watoto waliofurika kanisa la Baptisti la 16th Street mwezi wa Mei mwaka ule, wakienda kuandamana kupinga ubaguzi wa rangi, walikuwa weusi. Yule rafiki mweupe hakuwapo, na kumweka pale ni kuwapendezesha watazamaji tu. Kwa hiyo urafiki mkuu wakauhamishia kwa wasichana wawili wa shule ya Parker. Mmoja anaandamana. Mwenzake anabaki, kwa sababu baba yake atafukuzwa kazi kiwandani akionekana mtoto wake barabarani. Hofu hiyo ya wazazi kupoteza kazi ndiyo iliyomfanya James Bevel, mmoja wa waandalizi, ashauri waitwe wanafunzi.

Tarehe 2 Mei 1963 vijana zaidi ya 1,000 waliacha masomo, wengine wakiruka uzio, wakatoka kanisani kwa makundi wakiimba. Mamia walikamatwa siku hiyohiyo. Kesho yake Bull Connor, kamishna aliyesimamia polisi na zimamoto, akawafungulia mipira ya maji na mbwa. Jela zilipojaa, watoto waliwekwa kwenye viwanja vya maonyesho. Bodi ya elimu nayo ikaamuru wanafunzi zaidi ya 1,000 waondolewe shuleni. Amri hiyo ilitenguliwa na Elbert Tuttle, jaji wa mahakama ya rufaa ya shirikisho aliyekuwa na ofisi yake hapa Atlanta. Onyesho la yule msichana aliyebaki, akimpelekea mwenzake daftari zake baada ya hukumu hiyo, liliandikwa na vijana wenyewe na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote. Hawaombani msamaha. Wanagombana kuhusu hesabu.

Kabla ya mazoezi kukolea tulikodi basi tukaenda Birmingham. Katika bustani ya Kelly Ingram kuna njia inayopita katikati ya sanamu za mbwa wa polisi, wanaoruka kutoka pande zote mbili kuelekea mpitaji. Vijana walipita wakipiga picha. Mama mmoja, mkimbizi kutoka Kivu, alisimama pale mwanzo akakataa kupita, akakaa kwenye benchi mpaka tulipomaliza. Ndani ya basi binti yake alimuuliza maswali ambayo, kwa maneno ya mama mwenyewe, hakuwahi kuulizwa tangu waje Marekani. Wanaotaka kujua fedha za basi zilileta nini, wazungumze naye.

Kuhusu muziki kulikuwa na vita. Wapiga gitaa wetu walitaka seben, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu katika muziki wa Kongo. Seben, ndani ya kanisa la Alabama! Mwishoni tulikubaliana nyimbo za kanisani ziimbwe kwa sauti na makofi peke yake, na gitaa zingoje hadi waigizaji watoke kuaga. Majina ya wasichana wanne waliouawa kwa bomu katika kanisa lile la 16th Street tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, Addie Mae Collins, Cynthia Wesley, Carole Robertson na Denise McNair, yalisomwa bila ala yoyote. Watatu walikuwa na miaka 14, Denise 11.

Mazungumzo yalikuwa ya Kiingereza na msimulizi alitumia Kiswahili, ili bibi na babu wasiachwe nje. Ukumbi wa kwanza tuliolipia ulitukatalia dakika za mwisho na malipo ya awali bado tunayadai.

Sasa vijana wana pendekezo. Desemba 1963 Oginga Odinga, waziri wa mambo ya ndani wa Kenya iliyokuwa imepata uhuru siku chache tu nyuma, alifika Atlanta. Wanaharakati vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za watu weusi, walimfuata hotelini, wakazungumza naye na kuimba, kisha wakaingia mkahawa wa jirani. Walinyimwa huduma, wakakataa kuondoka, wakakamatwa. Vijana wetu wanataka kuliigiza tukio hilo mwakani. Nadhani wazee waliouliza swali lile wataliona hili kwa jicho jingine. Mmoja wao tayari ameomba kuwa Odinga, na kofia anayo.

Mkutano unaombwa kuamua mambo mawili: kutenga fungu la igizo la pili kabla ya mwezi wa tatu, na kuchagua mlezi wa kikundi, kwa kuwa aliyepo anahamia Texas. Fomu za wagombea ziko kwa katibu. Asiyelipa ada hapigi kura.